WRF kwa Dar: mvua ya modeli inashuka saa sita mchana, ya kweli inashuka alfajiri

Tabata_Kimanga aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Naendesha WRF (modeli ya kutabiri hali ya hewa) kwa ajili ya Dar na mkoa wa Pwani mpaka Morogoro. Domeini ni mbili. d01, ya nje, ni kilomita 9, nukta 100 kwa 100. d02, ya ndani, ni kilomita 3, e_we na e_sn (idadi ya nukta magharibi-mashariki na kusini-kaskazini) zote 91, na katikati yake nimeiweka Chalinze ili Dar na Uluguru ziingie pamoja. Data ni GFS (utabiri wa dunia nzima wa Marekani) ya nyuzi 0.25 kila baada ya saa 3. Naanzia 00Z (saa 9 usiku yetu), naenda saa 36. Mipangilio mingine (cu_physics ni skimu ya konveksheni, yaani hesabu ya mawingu ya kumulasi, na 0 ni kuizima; mp_physics ni maikrofizikia, yaani hesabu ya matone ndani ya wingu):

cu_physics = 1, 1
cudt = 5, 5
mp_physics = 6, 6
bl_pbl_physics = 1, 1
time_step = 54
e_vert = 40, p_top_requested = 5000

Tatizo ni la masika. Modeli inaanza kunyesha saa 5 asubuhi, kilele saa 7 mchana, na ni rasharasha iliyotandazwa kama mkeka kuanzia Bunju mpaka Mkuranga. Mvua ya kweli ni kitu kingine kabisa: mvua kubwa kati ya saa 9 usiku na saa 2 asubuhi, watu wa Jangwani wameamka maji yako mlangoni, na ikifika saa sita jua linawaka.

Nimejaribu cu_physics = 2 kote, rasharasha ikaongezeka. Nimejaribu 0 kote, d01 ikatoa vidoa vichache vya milimita za kutisha na Dar ikabaki kavu.

Naomba kuelekezwa: kwa pwani yetu, skimu ipi ya konveksheni ndiyo sahihi?

Kusi_na_Kaskazi alijibu:

Mkuu, usianze na jina la skimu. Anza kwa kutenganisha RAINC na RAINNC. RAINC ni mvua iliyotolewa na skimu ya kumulasi, RAINNC ni ile iliyotolewa na maikrofizikia kwa mawingu ambayo gridi yenyewe imeyaona. Zote ni jumla tangu modeli ianze, kwa hiyo toa thamani ya saa iliyotangulia ndipo upate mvua ya saa husika. Chora mistari miwili kwa kisanduku cha Dar, d01 na d02 mbalimbali. Bila hiyo utabadilisha namba za cu_physics mpaka masika iishe.

Nakisia utakuta mchana wote ni RAINC. Sababu ni jinsi Kain-Fritsch (KF, ndiyo namba 1 uliyoweka) inavyoamua kuwasha wingu. Inachukua hewa ya tabaka la chini, inaipandisha mpaka mvuke unapoanza kugeuka matone, halafu inaiongezea joto kidogo kulingana na kasi ya hewa kupanda kwenye gridi. Ikiwa baada ya nyongeza hiyo hewa ni ya moto kuliko mazingira yake, wingu linawashwa. Nyongeza yenyewe ni 4.64 × W^0.33, ambapo W, kwa mita kwa sekunde, ni kasi ya gridi ikizidishwa kwa dx/25 (dx kwa kilomita), kisha ikatolewa kizingiti kinachopanda kadiri kitako cha wingu kinavyokuwa juu: mita 0.02 kwa sekunde kikiwa kwenye mita 2000, na kwa uwiano huohuo chini ya hapo.

Tuifanye kwa Dar. Mchana joto 31, joto la umande 24. Tofauti ni 7, ukizidisha kwa 125 unapata kitako cha wingu kwenye mita 875. Kizingiti ni 0.02 × 875/2000, yaani karibu sentimita 0.9 kwa sekunde. Chukulia upepo wa bahari unakutana na hewa ya bara pale Pugu na gridi inapanda sentimita 5 kwa sekunde. Kwenye kilomita 9: 5 × 9/25 = 1.8, toa 0.9, inabaki 0.9, nyongeza inakuwa nyuzi 1 hivi. Kasi hiyohiyo kwenye kilomita 27 ingekupa nyuzi 1.7. Nyuzi 1 juu ya hewa iliyokwisha kupashwa na jua inatosha kabisa kuvuka kikwazo chochote cha asubuhi. Wingu likishawaka, sharti pekee lililobaki ni unene: kwa kitako chenye joto zaidi ya nyuzi 20, ambayo ndiyo hali yetu, linatakiwa kuzidi mita 4000 ndipo lihesabike kuwa la mvua. Hewa ya masika inalipita hilo bila jasho.

Halafu inakuja kanuni ya kiasi. Skimu imeagizwa kufuta CAPE (nishati inayoipandisha hewa) ndani ya dakika 30 hadi 60. CAPE inapanda pamoja na jua, kwa hiyo mvua nayo inapanda pamoja na jua. Katika hali halisi mawingu madogo hutumia saa kadhaa kulowesha hewa ya kati kabla wingu kubwa halijaweza kusimama, maana mkondo unaopanda unapovuta hewa kavu ya pembeni unakufa njiani. Skimu haikumbuki kazi hiyo ya kulowesha. Matokeo ndiyo hiyo rasharasha yako ya saa sita: mapema mno, pana mno, nyepesi mno. Ni ugonjwa wa skimu nyingi za aina hii ukanda wote wa tropiki, Dar haijaonewa.

Hasara ya pili huwa haionekani. Skimu ikishanyesha mchana imekausha na kutuliza hewa, kwa hiyo alfajiri hakuna kilichobaki cha kunyesha.

BMJ (namba 2) imekuzidishia kwa sababu haina mkondo wa kupanda wala wa kushuka. Inavuta tu hali ya hewa kuelekea mstari wa marejeo, na hewa yenye unyevu mwingi mpaka juu, kama ya Aprili, inaigeuza manyunyu kila mahali. Pia haitengenezi dimbwi la hewa baridi chini ya mvua, lile linalosukuma mawingu mapya mbele yake.

fundi_gridi alijibu:

Naongezea: izime skimu ya konveksheni kwenye d02. Kilomita 3 ukiwa na KF unahesabu mvua ileile mara mbili, mara kwa skimu na mara kwa gridi.

Ila kuzima kwenye kilomita 9 ni kosa, na vidoa vyako ni ushahidi. Modeli haioni vizuri kitu kidogo kuliko visanduku 6 au 7. Kwa kilomita 9 hiyo ni kilomita 54 hadi 63, na hakuna wingu la radi la upana huo. Hewa inakusanya CAPE kwa sababu hakuna wa kuitoa, mwishowe kisanduku kizima kinapanda kama wingu moja nene na kumwaga yote mahali pamoja. Kwa kilomita 3 kipimo hicho ni kilomita 18 hadi 21. Bado ni kikubwa kwa wingu mojamoja, lakini kundi la mawingu linaonekana.

Kwa hiyo cu_physics = 1, 0 au 16, 0. Mimi ningechukua 16.

Kusi_na_Kaskazi alijibu:

Nakubaliana na 16 kwa d01. Ni Tiedtke mpya, inafanana na ile ya ECMWF toleo cy40r1, na toleo hilo lilipoanza kutumika Novemba 2013 ndilo lililobadilisha kanuni ya CAPE ili joto la tabaka la chini lisigeuzwe mvua papo hapo. Kilele cha mchana kinasogea kuelekea alasiri. Ukiichukua weka cudt = 0, maana ile 5 ni ya KF tu.

Lakini usimwambie kwamba 0 kwenye kilomita 3 ni dawa bila madhara. Kwa ukubwa huo mawingu huchelewa kuanza, na yakianza huwa machache yenye nguvu kupita kiasi, kwa sababu mkondo unaopanda unalazimika kuwa mpana kuliko ulivyo na hivyo hauchanganyiki vya kutosha na hewa ya pembeni. Anayetaka njia ya kati atumie Grell-Freitas (namba 3) kote. Hiyo inaujua ukubwa wa kisanduku: kiasi cha hewa kinachopandishwa na skimu kinazidishwa kwa (1−σ)², na σ ni sehemu ya kisanduku iliyojaa mkondo unaopanda. σ ikiwa 0.1 skimu inabaki na asilimia 81 ya nguvu yake, ikiwa 0.7 inabaki na 9 tu. Kadiri gridi inavyokuwa ndogo inajiondoa yenyewe.

Tabata_Kimanga alijibu:

Asanteni sana wakuu. Nimetenganisha. d01 mchana karibu yote ni RAINC kama ulivyosema. Nimeweka 16, 0 na maikrofizikia 8. Kilele cha d01 kimesogea mpaka saa 10 alasiri, rasharasha imepungua.

Lakini d02 imenishangaza. Morogoro na milimani mvua inaonekana ya maana. Dar haina kitu, RAINNC karibu sifuri usiku kucha, wakati d01 ina mawingu baharini. Skimu imezimwa sasa, nini tena kinazuia?

Ramani_Kwanza alijibu:

Ndugu, piga hesabu ya mpaka wako. d02 ina visanduku 90 vya kilomita 3, yaani kilomita 270, nusu yake 135. Chalinze iko longitudo 38.35 hivi, Dar 39.28. Tofauti ni nyuzi 0.93, kwa latitudo yetu ni kilomita 103. Toa kwenye 135: Dar iko kilomita 32 tu kutoka ukingo wa mashariki. Ukingo wenyewe unaangukia longitudo 39.57, yaani unapita juu ya pwani ya mashariki ya Unguja.

Sasa fikiria hewa ya masika inatoka wapi. Upepo unatoka baharini, kusini-mashariki. Kwa mita 8 kwa sekunde hewa inavuka kilomita 32 kwa saa moja na dakika saba. Inaingia d02 ikitoka d01, ambako haikuwa na wingu la gridi hata moja. Mawingu yote ya d01 yako ndani ya skimu, na skimu haipitishi mawingu yake mpakani. Kinachovuka ni wastani laini wa joto, unyevu na upepo. d02 inatakiwa ianze upya kutengeneza msukosuko wake, iuinue, iufanye wingu, ndipo inyeshe. Hiyo ni kazi ya saa mbili hadi tatu, wewe umeipa moja, na visanduku 5 vya kwanza ni vya kulainisha mpaka, havihesabiki. Hewa inafika Kariakoo ikiwa bado haijajipanga, inaendelea zake bara, inaiva ikifika Uluguru. Ndiyo maana Morogoro panapendeza.

Skimu yoyote utakayoweka d01 itakuonyesha ukavu huohuo Dar.

Sogeza katikati iwe Dar yenyewe na uweke e_we = 181, e_sn = 181. Toa 1 unapata 180, inagawanyika kwa 3, sawa. Ni kilomita 540, 270 kila upande. Magharibi unafika longitudo 36.8, Morogoro inabaki ndani; mashariki unafika 41.7, bahari tupu. Ndani ya d01 inachukua visanduku 60 kati ya 99, kwa hiyo hakikisha d01 nayo imesogea, zibaki 20 hivi kila upande. Gharama ni mara nne ya kompyuta. Kama huwezi, punguza magharibi, usipunguze mashariki. Ukikosa nafasi achana na Morogoro kabisa na umfanyie domeini yake.

time_step (hatua ya muda kwa sekunde) ya 54 iko kwenye kikomo cha 6 × dx, na Uluguru wana zaidi ya mita 2,600. Weka 45: d02 inapata 15, na 45 inaingia kwenye 3600 bila baki. Bado ukiona neno cfl (dalili kwamba hatua ya muda ni ndefu mno) kwenye faili la rsl.error, washa w_damping = 1 na epssm ipandishe mpaka 0.5 kabla hujagusa kingine.

fundi_gridi alijibu:

Hii ya mpaka nimeipita kwenye swali lenyewe bila kuiona. Sahihi kabisa.

Na p_top 5000 (kanieneo ya kilele cha modeli, kwa Pascal) nayo iangalie. hPa 50 ni kilomita 20 na ushee. Kama damp_opt = 3 na zdamp = 5000, kizuizi cha kutuliza hewa chini ya kilele kinaanza kilomita 15 na nusu, na vilele vya mawingu makubwa ya tropiki vinafika 16 hadi 17. Unaviponda vichwa. Weka 2000, ongeza e_vert (idadi ya ngazi za wima) ifike 50 ili tabaka zisiachane. radt (dakika kati ya hesabu za mionzi) weka 9 kwa domeini zote mbili.

Mlango_wa_Unguja alijibu:

Mmesahau bahari. Mvua ya alfajiri ya pwani inategemea tofauti ya joto kati ya nchi kavu na maji, upepo wa nchi kavu ukitoka usiku na kukutana na ule wa kusini-mashariki nje kidogo ya pwani. Modeli ikikosea joto la maji kwa nyuzi mbili, mkutano huo unahama au unakufa.

Mlango wa Unguja, bahari kati ya bara na kisiwa, una upana wa kilomita 30 na ushee tu pale penye wembamba. Kisanduku cha GFS ni kilomita 28 kasoro kidogo. Kwa hiyo mlango mzima unashikwa na nukta moja, pengine mbili, na majirani zake wa mashariki na magharibi ni nchi kavu. Usipompa faili la bahari, metgrid (programu inayoandaa data ya kuanzia) anachukua SKINTEMP, yaani joto la uso wa nchi na maji, na hapo joto la ardhi linaweza kuchuruzikia majini. Sasa unganisha na saa unayoanzia: 00Z ni saa 9 usiku, ardhi imepoa mpaka 23 au 24, wakati maji ya Aprili yako 28 hadi 29. Na kama sst_update = 0 (joto la bahari halisasishwi), kosa hilo linabaki pale saa 36 zote, mchana na usiku. Ukianzia 12Z kosa linageuka, maji yanakuwa ya moto kupita kiasi.

Kuligundua ni dakika mbili. Fungua wrfinput_d02, chora TSK (joto la uso), weka kipimo cha rangi kuanzia 22 mpaka 32. Maji kati ya Bagamoyo na Unguja yakiwa na doa lisilofanana na bahari ya nje, umelipata. Dawa ni kuleta joto la bahari kutoka chanzo chenye gridi ndogo, OSTIA kwa mfano ni nyuzi 0.05, uligeuze liwe umbo linalosomwa na metgrid, kisha uliweke kwenye fg_name baada ya FILE. Kwa mwendo wa siku mbili si lazima libadilike kila saa 6. Bahari haipoi haraka hivyo.

Kuhusu ardhi: ramani ya MODIS inayokuja na modeli inaonyesha Dar ndogo sana. Chora LU_INDEX (aina ya ardhi), tazama namba 13, ambayo ni mji, inaishia wapi. Mbagala na Chanika zikiwa bado shamba, joto la mchana litakuwa pungufu. Hilo lina uzito mdogo kuliko bahari, lifanye mwisho.

Kusi_na_Kaskazi alijibu:

Kuhusu saa ya kuanzia, kuna sababu nyingine ya kuikimbia 00Z. GFS haikupi mawingu yaliyokwisha kuiva kwa kilomita 3. Modeli inahitaji saa 6 hadi 12 kujipanga. Ukianza saa 9 usiku, ile alfajiri unayoitafuta inaangukia ndani ya saa sita za kwanza, ambazo hazina maana yoyote. Anzia 12Z, saa 9 alasiri. Alfajiri itakuwa saa ya 12 hadi ya 17 ya mwendo.

Tabata_Kimanga alijibu:

Nimechora TSK. Lipo doa, maji mbele ya Bagamoyo yako 25. Nashukuru sana Mlango_wa_Unguja.

Nabadilisha vyote leo: katikati Dar, 181, time_step 45, p_top 2000, kuanzia 12Z, bahari OSTIA. Swali la mwisho: nikilinganisha na kipima mvua cha uwanja wa ndege, nichukue kisanduku kimoja au wastani?

Ramani_Kwanza alijibu:

Usivibadilishe vyote kwa mpigo. Mpaka na saa ya kuanzia kwanza, kisha bahari peke yake, kisha p_top, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia.

Kisanduku kimoja ni kujionea. Kundi la mawingu likikosea njia kwa kilomita 10, Ukonga inapata sifuri na Kisarawe inapata mvua yote, wakati kwa kilomita 3 utabiri huo ni mzuri. Chukua visanduku vyote ndani ya kilomita 15 kuzunguka kituo, uhesabu ni sehemu gani imevuka milimita 20, na sehemu gani imevuka 50. Fanya hivyohivyo kwa IMERG, makadirio ya mvua ya satelaiti, ambayo ni nyuzi 0.1 kila nusu saa, na hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama kilele kimehama kweli kutoka mchana kwenda alfajiri. Kipima mvua cha siku hakiwezi kukuonyesha saa.

Na kipima mvua husomwa saa 3 asubuhi, yaani 06Z, kwa hiyo jumla yake ni 06Z mpaka 06Z, si usiku wa manane mpaka usiku wa manane. Ukianzia 12Z, hiyo ni thamani ya saa ya 42 ukitoa ya saa ya 18. Saa 36 zako hazifiki. Weka run_hours = 42.